Vitabu vya sanaa na vitabu vya programu: jinsi ninavyonunua vipya na vilivyotumika

Rafu yangu ya vitabu ina pande mbili ambazo wageni wengi huziona hazipatani. Upande mmoja una vitabu vya sanaa ya kisasa, hasa ya Afrika Mashariki, pamoja na katalogi za maonyesho. Upande wa pili una vitabu vya programu za kompyuta na vya majukwaa yanayoziendesha: Unix, Android, Python, hifadhidata na wavuti. Nimenunua vya pande zote mbili kwa miaka mingi, hapa Dar es Salaam na kila ninapofika Nairobi, vipya na vilivyotumika, na nimejiridhisha kwamba kanuni inayofaa upande mmoja huleta hasara upande wa pili. Kitabu cha sanaa kinunuliwe pale pale kinapoonekana, kwa sababu huenda kisionekane tena. Kitabu cha programu kiulizwe umri wake kwanza.

Nianze na sanaa, kwa kuwa huko ndiko kwenye uchungu mwingi zaidi. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kupaka baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, akafariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Kazi ya miaka michache namna hiyo imezaa mtindo unaotambulika duniani kote, lakini vitabu vya maana kuuhusu, vyenye picha zilizochapwa vizuri na maelezo ya utafiti, vingi vimetolewa ng'ambo. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro, aliyesoma na kufundisha Makerere kabla ya kuiwakilisha Tanganyika huru mjini London, mchoro wake wa wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku ulinunuliwa na jumba la makumbusho la MoMA la New York mwaka 1960. Mtu wa Machame anayetaka kujua mchoraji wa kwao alifanya nini na rangi hana njia nyingine iliyo karibu isipokuwa picha, na picha iliyochapwa kwa uangalifu kwenye karatasi nzuri humwonyesha mambo ambayo kioo cha simu huyameza.

Uhaba wa vitabu hivi una sababu zinazoeleweka. Katalogi ya maonyesho huchapwa mara moja, mara nyingi kwa fedha za mfadhili au za ubalozi fulani, kwa idadi inayokisiwa kutosha wageni wa ufunguzi. Nakala hugawiwa siku ile, nyingine hupelekwa kwa wafadhili kama ushahidi kwamba fedha zimetumika, na zinazobaki hukaa kwenye maboksi ya nyumba ya sanaa mpaka nyumba yenyewe ihame au ifungwe. Nyingi hazina hata ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, kwa hiyo haziingii kwenye orodha ya duka lolote wala ya maktaba. Maonyesho ya EASTAFAB, yaani biennale (maonyesho ya kila miaka miwili) ya sanaa ya Afrika Mashariki iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 2003, yaliwakutanisha wachoraji wengi ambao baadhi yao hawakuwahi kuandikwa mahali pengine popote, lakini ukiingia leo katika duka la vitabu mjini na kuulizia katalogi yake, utatazamwa kama mtu aliyeulizia gazeti la mwaka juzi.

Hasara hii si ya kufikirika. Kituo cha Paa ya Paa cha Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1965 na mchoraji Elimo Njau na wenzake, kiliungua mwaka 1997, na moto ule uliteketeza kazi za sanaa pamoja na maktaba ya kituo. Kilichosalimika katika kumbukumbu ya miaka ile thelathini na ushei ni kile kilichokuwa tayari mikononi mwa watu: katalogi aliyoichukua mgeni, kadi ya mwaliko iliyosahaulika ndani ya kitabu, jarida lililohifadhiwa na mwanafunzi. Ndiyo maana huwa sioni aibu kununua kijitabu cha kurasa 20 ambacho jalada lake limechanika, ilimradi majina ya wasanii na tarehe za kazi zao zinasomeka.

Katikati ya mji wa Dar es Salaam, maeneo ya Posta, wapo wauzaji wanaotandaza turubai na kupanga vitabu vilivyotumika: vya shule, riwaya za Kiingereza, kamusi, Biblia, tafsiri za Kurani, vitabu vya uhasibu, na katikati yake, mara moja moja, kitabu kikubwa cha picha. Nairobi watu wa aina hiyo wana jina zuri, *inama bookshop*, kwa kuwa mteja hana budi kuinama ili achague. Yupo mzee mmoja wa huku kwetu ninayemfahamu kwa kazi hiyo. Hajui Kiingereza kingi, lakini amejifunza kupima kitabu kwa uzito wa karatasi yake. Siku moja nilimwamkia, nikachukua kitabu cha wachongaji wa Afrika chenye jalada gumu, naye akaniwahi kabla sijakifungua.

"Hicho cha picha, mwanangu, bei yake haishuki. Elfu thelathini."

"Mzee wangu, kurasa zimegandana hizi. Tazama."

Alikipokea, akakiinamisha mgongo juu, akakitikisa polepole. Kurasa za mwanzo zilifunguka zote kama kawaida, lakini kuanzia katikati zilishuka kwa pamoja kama kipande kimoja cha ubao. Hiki ni kitu ambacho kila mnunuzi wa vitabu vya sanaa katika pwani yetu anapaswa kukifahamu. Karatasi ya kung'aa inayotumika kwa picha za rangi hupakwa tabaka laini juu yake, na tabaka hilo likilowa kisha likakauka huku kitabu kimefungwa, kurasa hushikana moja kwa moja. Ukilazimisha kuzitenganisha, rangi hubanduka na kubaki kwenye ukurasa wa pili. Kitabu cha karatasi ya kawaida kikinyeshewa huvimba na kuharibika sura, lakini bado husomeka. Cha karatasi ya kung'aa hakisomeki. Tulielewana kwa 12,000, kwa sababu nusu ya kwanza, yenye maelezo ya wachongaji, ilikuwa nzima, na mzee alikuwa amekwisha kujionea mwenyewe hali ya nusu ya pili.

Tangu hapo ukaguzi wangu wa kitabu cha sanaa kilichotumika hauna haraka. Nakifungua katikati na kukisikiliza, kwa sababu kurasa zinazoanza kushikana hutoa mlio mdogo wa kubanduka. Nanusa ndani ya mgongo, maana kuvu hujulikana kwa harufu kabla hayajaonekana kwa macho, na kitabu kimoja chenye kuvu huweza kuambukiza rafu nzima wakati wa masika. Nahesabu picha zilizotajwa kwenye orodha na kuzilinganisha na zilizomo, kwa kuwa wapo watu wanaokata picha kwa wembe ili wazitie kwenye fremu, na ukataji huo hauonekani mpaka ufuatilie namba. Nikikuta muhuri wa maktaba ya ng'ambo unaoonyesha kwamba kitabu kiliondolewa rasmi, sina tatizo nacho. Vitabu vingi vya namna hiyo huja na makontena ya misaada. Nikikuta muhuri wa maktaba ya hapa nchini bila alama yoyote ya kuondolewa, ninakirudisha chini hata kiwe adimu kiasi gani.

Kwa vitabu vipya njia ni chache na zote zina gharama. Maduka ya Nairobi na Dar es Salaam huleta vichache vya sanaa, kwa kuwa ni ghali na hukaa dukani muda mrefu. Wachapishaji wa hapa kwetu, kama Mkuki na Nyota, wamewahi kujaribu, na vitabu vyao vinapatikana pia ng'ambo kupitia African Books Collective ya Uingereza. Kwa muda mrefu wengi wetu tulitegemea Book Depository, duka la mtandaoni la Uingereza lililotuma vitabu nchi nyingi bila kutoza usafiri. Lilinunuliwa na Amazon mwaka 2011 na kufungwa Aprili 2023. Tangu lilipofungwa, gharama ya usafiri imekuwa sehemu kubwa ya bei, na kwa kitabu cha sanaa ambacho karatasi yake pekee ina uzito wa kilo mbili, usafiri waweza kuizidi bei ya kitabu chenyewe. Ushuru wa forodha kwa vitabu vilivyochapwa ni asilimia 0 katika viwango vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo mtu akikudai ushuru wa forodha wa kitabu, muulize kwa upole akuonyeshe unatoka kifungu gani. Njia ninayoiamini zaidi kwa sasa ni kumwagiza ndugu anayesafiri, ila adabu inataka umwagize kitabu kimoja tu.

Ninapoagiza mtandaoni kilichotumika, nafuata ISBN wala sifuati picha ya jalada. Wauzaji wengi hutumia picha ya toleo lolote walilolikuta. Namba zilizotolewa kabla ya 1 Januari 2007 zilikuwa na tarakimu 10, na tangu siku hiyo zina tarakimu 13. Kila toleo huwa na namba yake, na tarakimu za mwanzo baada ya 978 hukuambia chimbuko la mchapishaji: 9976 na 9987 ni Tanzania, 9966 ni Kenya. Kisha namwomba muuzaji picha ya ukurasa wa hakimiliki. Wachapishaji wengi wa Marekani na Uingereza huweka hapo safu ya namba zinazoshuka kutoka 10 hadi 1, na namba ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo inayoonyesha ni chapa ya ngapi. Kwa kitabu cha sanaa hili lina maana kubwa, kwa sababu chapa za baadaye mara nyingine hufanywa kwa mashine za bei nafuu na rangi hupauka. Siku hizi vipo pia vitabu vinavyochapwa kimoja kimoja pale mteja anapoagiza. Ukurasa wa mwisho kabisa huwa na mstari mdogo unaotaja mahali kilipochapwa na msimbo pau. Maandishi ya kitabu cha namna hiyo hayana kasoro, lakini kwa michoro ninakiepuka ikiwa nakala ya zamani inapatikana.

Kwa vitabu vya programu hali ni tofauti kabisa, na tofauti hiyo huonekana ndani ya dakika moja ukijua pa kutazama. Chukua kitabu chochote cha Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye turubai na ufungue kurasa za mwanzo, pale mwandishi anapomfundisha msomaji kuandika neno la salamu kwenye skrini. Ikiwa amri ya print inafuatwa na maneno moja kwa moja bila mabano, kitabu hicho ni cha Python 2, ambayo waundaji wake waliacha kuihudumia tarehe 1 Januari 2020. Mwanafunzi anayeanza akikinunua, atakwama kwenye mfano wa kwanza kabisa na kudhani kwamba kosa ni lake. Kwa Android tazama programu anayotakiwa msomaji kuisakinisha: ikiwa ni Eclipse, kitabu ni cha zama za kabla Android Studio, programu ya Google ya kutengenezea programu za Android, haijakamilika, Desemba 2014; ikiwa mifano yote ni ya lugha ya Java na Kotlin haitajwi hata mara moja, huenda kiliandikwa kabla ya Mei 2017, Google ilipotangaza kuiunga mkono rasmi lugha hiyo. Vitabu vinene vya Flash, ambavyo zamani vilikuwa fahari ya kila duka, vinahusu teknolojia ya michezo na picha zinazotembea kwenye wavuti, ambayo kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia mwisho wa mwaka 2020. Wauzaji wa barabarani hawayajui haya na hatuna haki ya kuwalaumu. Kwao kitabu cha kurasa 900 chenye jalada safi ni mali.

Hata hivyo, vipo vitabu vya programu ambavyo umri haujavidhuru, na hivyo ndivyo ninavyovitafuta vikiwa vimetumika. Kitabu cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie kuhusu lugha ya C kilitoka mwaka 1978, toleo lake la pili likatoka mwaka 1988, na mwanafunzi wa leo bado atajifunza humo vizuri zaidi jinsi kumbukumbu ya kompyuta inavyofanya kazi kuliko katika vitabu vingi vya mwaka huu. Vitabu vya algorithimu, vya nadharia ya hifadhidata, vya mitandao na vya mifumo endeshi huzeeka taratibu kwa sababu vinaeleza kilicho chini ya jukwaa, wala havielezi vitufe vya jukwaa lenyewe. Nikiwa na shilingi 20,000 mfukoni, afadhali ninunue kimoja cha aina hiyo cha miaka ishirini iliyopita kuliko mwongozo wa jukwaa la mwaka juzi, kwa sababu mwongozo wa jukwaa linaloishi hupatikana bure na ulio sahihi zaidi katika tovuti ya waundaji wake.

Yapo pia matoleo ya bei nafuu yanayochapwa India, yenye karatasi nyembamba na picha za rangi moja, ambayo yamekuwa msaada mkubwa kwa wanafunzi wetu. Kwa msimbo, yaani maandishi ya programu, na michoro ya mistari hayapunguzi kitu, nami hununua bila kusita. Kwa sanaa yasingefaa hata kidogo: huwezi kuifahamu kazi ya Wangechi Mutu, msanii mzaliwa wa Kenya, au ya Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Turner ya sanaa nchini Uingereza mwaka 2017, kwa rangi nyeusi na nyeupe. Jambo hilo hilo moja, yaani kuondoa rangi ili kupunguza bei, ni rehema upande mmoja wa rafu yangu na ni uharibifu upande wa pili.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni mahali ambapo vitabu vipya vya programu vinaelekea. Mwaka 2017 kampuni ya O'Reilly, ambayo vitabu vyake vyenye wanyama kwenye majalada vimefundisha kizazi kizima, iliacha kuuza vitabu kimoja kimoja katika tovuti yake na kuelekeza wasomaji kwenye huduma ya kulipia kwa kipindi. Msomaji wa namna hiyo anasoma vingi, lakini hamiliki hata kimoja, na siku akiacha kulipa hana cha kumwachia mdogo wake. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki, na vitabu ambavyo watu walikuwa wamevinunua vikaacha kufunguka. Fedha zilirudishwa, lakini vitabu vilikwenda. Soko letu la mitumba linategemea kitu kinachoweza kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Mwanafunzi wa Kariakoo aliyejifunza kompyuta kwa kitabu kilichoachwa na mtaalamu wa Leeds, Uingereza, alisaidiwa na karatasi ile ile ambayo wachapishaji wanaiacha sasa.

Kwa sababu hiyo nimeanza kuvitazama kwa jicho jingine hata vitabu vya programu vilivyopitwa na wakati. Sivinunui ili nijifunzie kazi. Ninavinunua kama ninavyonunua katalogi, kwa sababu ni ushahidi wa kitu ambacho hakipo tena. Jukwaa likifungwa, tovuti yake ya maelezo hufungwa nalo, na kinachobaki ni mwongozo uliochapwa, wenye picha za skrini zinazoonyesha jinsi watu walivyokuwa wakifanya kazi. Tanzania tuna historia yetu humo: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, na kazi ya istilahi iliyofanyika wakati ule, ya kutafuta namna ya kusema mambo ya kompyuta kwa lugha yetu, ingali inatufaa. Na pande mbili za rafu zina mahali zinapokutana: Processing, jukwaa la kuandika msimbo lililoanzishwa mwaka 2001 na Casey Reas na Ben Fry kwa ajili ya wasanii. Kitabu chao kilitoka mwaka 2007 na toleo la pili mwaka 2014, na hapa kanuni zangu mbili zinapingana, kwa kuwa kwa msimbo utataka toleo la pili, lakini kwa kazi za wasanii waliohojiwa utataka yote mawili. Ninayo yote mawili.

Kwa sasa ninatafuta vitu viwili, na nimewaachia maagizo wauzaji wa Posta na marafiki wa Nairobi: katalogi ya EASTAFAB ya mwaka 2003 yenye kurasa zisizogandana, na karatasi yoyote iliyochapwa wakati wa mradi wa Jambo OpenOffice, iwe mwongozo, orodha ya istilahi au kipeperushi cha mafunzo. Katalogi nitailipia bei yoyote ya haki. Karatasi za Jambo, mzee wa Posta ameahidi kunitafutia katika maboksi anayonunua kwa kilo kutoka ofisi zinazohama, na nimemwomba asizipeleke kwa wafunga karanga kabla sijazipitia.